Barafu ya Mkami na Fundo la Kanga Yangu

Nimekosa. Wengine wakikosa husema shetani aliwapitia. Mimi shetani hakunipitia, jamani! Nilimkaribisha mwenyewe, nikampa kigoda, nikamsongea ugali kwa sato, akala akajilamba vidole. Kwa hiyo lawama ni yangu, msinitafutie wa kunisaidia kuibeba.

Jina langu nimeliacha. La mwenzangu naliandika wazi: Mkami. Lake ndilo lililochafuka, na nguo inayofuliwa ni ile chafu.

Tulikuwa majirani hapa Nyakato, Musoma, ukuta kwa ukuta. Akikaanga kitunguu, mimi napiga chafya. Watoto wetu walikuwa hawajui leo wanalala kwa nani. Mkami alikuwaga mwanamke wa sauti ndogo na kicheko kikubwa, hana makuu, na kosa lake duniani lilikuwa moja tu. Alikuwa na friji.

Si friji ya umeme. Ile nyeupe ya mafuta ya taa, yenye utambi chini. Mumewe, mtu wa idara ya samaki, aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Moto chini, barafu juu! Mimi mhitimu wa masomo ya jioni, niliyefaulu mpaka mwalimu akatokwa na machozi, nilikuwa nainama kuuchungulia ule utambi, nainuka, naondoka bila jibu.

Na kwenye friji hiyo ndimo kilimotoka kile kinywaji ambacho Nyakato nzima ilikiita barafu inayochemka.

Mkami alikuwa anakamua malimau ya Suguti, yale yenye ganda jembamba. Anachanganya na maji ya sukari yaliyopoa, anaweka kwenye bakuli la bati, bakuli juu kabisa kwenye friji. Kila ikianza kuganda anaikwangua kwa uma, inarudi ndani, anaikwangua tena, mpaka inakuwa kama mvua ya mawe iliyotwangwa. Wageni wakikaa, anachota kwenye bilauri, anaongeza maji kidogo ya limau, halafu ananyunyiza kitu fulani kwa ncha ya kisu. Chwaaa! Povu linapanda, barafu inacheza, bilauri inatoka jasho. Kwa wazee anadondoshea pombe ya waragi kidogo. Ukinywa, ulimi unasinzia na pua inaamka.

Kinywaji kile kilikuwa kitamu, sitadanganya. Nimekwisha kudanganya vya kutosha. Mume wangu alikunywa mara ya kwanza akailamba ile bilauri ndani kama ndama.

"Mkono wa Mkami una baraka," akasema.

Mkono wa Mkami! Mimi niliyemsongea ugali miaka yote hiyo mikono ikaota ngozi ya kiboko, sikuwahi kuambiwa kwamba nina hata kidole chenye baraka.

Hapo ndipo kilipoingia. Kidogo tu, kama mwiba wa samaki furu kooni.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Butiama. Alikuja kututazama baada ya kuvuna pamba ya shamba la pamoja la kijiji chao, kachoka, na jua la siku hiyo lilikuwa linaweza kukaanga dagaa juu ya bati. Mkami akamwona anapita, akamwita kivulini, akampa bilauri. Kwanza akaonja yeye mwenyewe funda moja mbele ya macho ya mama, ndipo akampa kwa mikono miwili, goti limekunjwa. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni ajue anachopewa hakina neno.

Mama mkwe akanywa. Akafumba macho. Akafumbua, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama pembeni na mzigo wake kichwani.

"Unajua, mwanangu," akaniambia kwa kicheko, "huyu ndiye niliyekuwaga nimemtaka kwa mwanangu. Kwao na kwetu ni mlima mmoja tu. Mungu akapanga vingine."

Akacheka. Mkami akacheka, akasema, "Ah, Mama, mambo ya zamani hayo!" Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka mzigo ukaanguka.

Tangu siku hiyo, mama akija Musoma, miguu inapita kwa Mkami kwanza. Kwangu anafika tayari amepoa, tayari amesimuliwa habari zote, anaomba kitanda tu. Ndugu zangu, ule wivu! Nilikuwa nalala nao, naamka nao, nasukwa nao nywele. Mtungi wa wivu wangu ungemwagika, Rukuba isingekuwa kisiwa tena.

Nikaanza maneno. Kisimani nikawa namwita bepari wa barafu. Nikisikia redioni wanawataja kupe na wanyonyaji, naongeza sauti na kufungua dirisha la upande wake. Yeye akisikia anachungulia, anauliza, "Dada, redio yako imepona? Ilikuwa inakoroma!" Hakuelewa. Au alielewa akaamua kunipenda hivyo hivyo. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Basi siku moja mume wangu akarudi kazini na habari. Mama anakuja, safari hii pamoja na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba mkwe, na shangazi mmoja. Wanakuja rasmi, kukaa kwetu, kumwona mtoto wetu mdogo ambaye walikuwa hawajamwona. Nikasema moyoni: leo ndiyo leo! Watakunywa barafu inayochemka hapa hapa kwangu, kutoka mikononi mwangu, na Mkami hatakuwepo.

Nikaenda kwake. Nikavaa uso wa kuomba.

"Jirani, si nchi ya ujamaa hii? Hebu na friji ijitegemee huku kwetu kidogo. Nifundishe."

Nilitegemea akatae. Kusema kweli nilitaka akatae, nipate la kumsema. Mkami akaruka kwa furaha! Akanifundisha yote, mwanzo mpaka mwisho, uma mkononi. Akaniambia niweke bakuli langu kwenye friji yake hata siku nzima, na bilauri zake nichukue, maana zangu zilikuwa za aina zote, kama abiria.

"Na kile cha kuchemsha?" nikauliza.

"Magadi tu, dada."

Akafungua kopo, akachota unga mweupe laini, akaufunga kwenye ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara ya mumewe. Kifurushi chenyewe kidogo, kama dawa ya kichwa ya mtoto.

"Haya hapa ya bilauri zote. Ncha ya kisu kila moja, usizidishe. Na uonje kwanza, tafadhali. Magadi yana hila. Au niite nije nikumiminie?"

"Usijisumbue," nikamwambia. "Mimi nimesoma."

Nikakifunga kile kifurushi kwenye pindo la kanga yangu, nikakaza fundo, nikaondoka. Njiani nikawa natafuna maneno. Kanipa kichembe! Bilauri zote kwa kichembe hiki? Huyu ananificha. Anataka povu langu liwe la kilema, mama aseme la Mkami lilipanda zaidi. Halafu kaniambia mwenyewe kwa mdomo wake kwamba ni magadi. Magadi gani ambayo mimi sina? Jikoni kwangu kuna jiwe la magadi kubwa kama ngumi ya mvuvi, lile tunalolainishia maharage, ambalo ndugu zetu wa Bunda wanawalambisha ng'ombe wao. Magadi ni magadi!

Hapo ndipo elimu yangu ya jioni iliponiangusha. Nikapiga hesabu. Ikiwa ncha ya kisu inachemsha bilauri, basi jiwe zima litachemsha mpaka wageni wasimulie Butiama kwa vizazi. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mwalimu angenipa vema.

Siku ikafika. Wageni wakaketi sebuleni, chini ya cheti changu cha kuhitimu, ambacho nilikuwa nimekisogeza kidogo ili baba mdogo akiinua macho akutane nacho. Mtoto akapita mikononi mwa wote. Nikaenda kwa Mkami kuchukua bakuli. Barafu imetoka nzuri, nyeupe, inameta. Alikuwa ameikwangua mwenyewe asubuhi mimi nikiwa sokoni, ili isigande ikawa jiwe.

"Nije?" akaniuliza mlangoni, amekwisha kujifunga kanga safi.

"Tutakuita," nikasema.

Sikumwita.

Nilikuwa nimelitwanga lile jiwe la magadi kwenye kinu, unga wenyewe wa kijivu, una punje punje. Nikapanga bilauri kwenye sinia mbele ya wageni. Barafu, maji ya limau, waragi kwa baba mdogo. Halafu nikachota magadi. Kwa kijiko cha chai, jamani. Kilichojaa!

Chwaaaaa! Povu lilipanda, likamwagika, likajaa sinia, likateremka mezani, nikadhani litatafuta njia ya ziwani. Baba mdogo akarudisha kiti nyuma. Shangazi akapiga kigelegele. Mume wangu akanitazama kwa jicho ambalo sikuliona tangu harusi yetu. Nilikuwa mrefu siku hiyo, nyie! Nilikuwa natazama Nyakato kutokea juu.

Nikampa mama bilauri ya kwanza. Akaipokea, akairudisha kwangu kidogo.

"Onja, mwanangu."

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu aliyesoma. Mkami anaonja. Nikionja na mimi, nitakuwa Mkami wa pili. Nilitaka kuwa wa kwanza!

"Mama," nikasema kwa sauti ya darasani, "mambo ya kuonja ni ya zamani. Siku hizi tunaangalia usafi. Kunywa tu, Mama, kinywaji ni safi."

Baba mdogo akamtazama mama. Mama akatazama bilauri, akamtazama mwanawe, akanywa. Ni mtu wa heshima yule. Hawezi kumwaibisha mke wa mwanawe mbele ya watu. Wengine nao wakanywa. Nikaona nyuso zikikunjwa kidogo, nikajiambia ni ubaridi. Shangazi akasema kina ladha kama ya sabuni, "lakini sabuni nzuri." Ubaridi ule unaficha mengi. Na baba mdogo, kwa ajili ya ile waragi, akaomba nyingine.

Mume wangu peke yake hakunywa, alikuwa ameshika mtoto. Na mimi sikunywa, maana nilikuwa nimeshiba sifa.

Hatukuwa tumemaliza hata salamu za wale wa nyumbani. Baba mdogo ndiye aliyeanza. Akanyamaza katikati ya sentensi, akaweka mkono tumboni, akasimama.

"Mwanangu," akamuuliza mume wangu kwa upole sana, "choo kiko wapi?"

Choo chetu ni kimoja. Alipoingia baba mdogo, shangazi naye akasimama. Aliposimama shangazi, mama akashika ukuta. Ndugu, mmewahi kuona foleni ya sukari kwenye duka la ushirika? Ile ina utaratibu! Hii ilikuwa foleni ya watu wazima wenye heshima zao wakigongea mlango wa makuti na kuapa kwa majina ya mababu. Shangazi akashindwa kungoja, akakimbilia kwa jirani wa nyuma. Nasikia mbuzi wa huko walikata kamba.

Nacheka nikiandika. Siku ile sikucheka. Mama hakuwahi kufika chooni.

Mama mkwe, mtu mzima, mjane wa mzee, alisimama uani kwangu na nguo yake imeharibika, mkono mmoja kwenye ukuta, machozi yanamtoka kwa aibu, si kwa tumbo. Nikavua kanga yangu kiunoni haraka haraka, nikamzungushia. Katika siku ile nzima ndilo tendo jema pekee nililofanya, na ndilo lililokuja kunikamata.

Baba mdogo akarudi, jasho linamtiririka. Akaninyooshea kidole.

"Hakuonja!" akasema. "Mliona wote. Mama alimwambia onja, akakataa. Mtu anayejua alichoweka haonji!"

"Baba mdogo, subiri," mume wangu akasema.

"Nisubiri nini? Nisubiri kufa? Mwanamke, umetuwekea nini?"

Mume wangu akanigeukia. Ule uso! Alikuwa ananiomba niseme kitu, chochote. Na mimi nilikuwa nacho cha kusema. Jiwe la maharage. Maneno matatu tu. Wangenitukana, wangenicheka mpaka Krismasi, yangekwisha.

Lakini kusema jiwe la maharage ni kusema sikujua. Ni kusema Mkami anajua, mimi sijui. Jamani, mdomo wangu ulikataa!

"Mimi nilifundishwa tu," nikasema. "Kimetoka kwa Mkami. Kimelala kwenye friji yake, yeye ndiye aliyekikwangua asubuhi mimi nikiwa sipo. Na magadi kanipa yeye."

Kila neno lilikuwa kweli. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilidanganya bila kusema neno hata moja la uongo.

Mkami alisikia kelele akaja mbio, na chumvi na sukari kwenye bakuli, na birika la maji aliyokwisha kuyachemsha. Akapiga magoti mbele ya mama. Halafu akaniuliza, sauti ile ile ndogo:

"Dada, ile karatasi ya kung'aa niliyokupa, uliimimina yote kwa pamoja?"

Ndipo nikasema uongo wenyewe.

"Niliimimina yote."

"Haiwezekani iwadhuru," akasema Mkami. "Ni magadi ya keki yale. Mimi nawapa wanangu…"

"Wanao hawajafa bado," baba mdogo akamkata. "Hayo maji yako rudi nayo."

Mkami akawa ameshika birika, hajui aliweke wapi. Akanitazama. Hakuna aliyelipokea. Wala mimi.

Wageni walipona kesho yake, wakaondoka na basi la Butiama wakiwa wepesi kama manyoya. Lakini neno halikuondoka. Baba mdogo alilisema kituoni, shangazi alilisema kwa jirani mwenye mbuzi, na mimi, Mungu anisamehe, nikiulizwa kisimani nilikuwa napandisha mabega tu. Mabega yangu yalifanya kazi kubwa kuliko ulimi. Ikawa Mkami alitaka kumuua mama mkwe kwa sababu hakuolewa kwake. Ikawa ile friji inawaka moto chini na kugandisha juu kwa nguvu zisizo za kawaida. Friji ile ile niliyoiinamia mimi, mhitimu!

Watu wakaacha kunywa kwake. Watoto wakakatazwa. Balozi wetu wa nyumba kumi akaitisha kikao, akasema wananchi wapendane, waache imani potofu. Akasema vizuri sana. Mkami akamletea maji ya kunywa, na balozi akasema ana haraka.

Haukupita muda mrefu mumewe akaomba uhamisho, wakahamia Bunda. Siku ya kuondoka, friji ikiwa juu ya lori imefungwa kamba kama ng'ombe anayekwenda mnadani, Mkami alikuja kuniaga. Hakuaga mwingine yeyote. Alidhani bado tuko pamoja kwenye msiba mmoja.

"Dada, labda ule unga ulikuwa umeharibika," akaniambia. "Nisamehe kama nilikuponza."

Aliniomba msamaha! Yeye! Nikajibu, "Yamekwisha."

Lori lilipokata kona ndipo nilipoikumbuka kanga. Ile niliyomzungushia mama. Ilikwenda Butiama kiunoni mwake, na kwenye pindo lake kuna fundo, na ndani ya fundo kuna karatasi ya kung'aa ambayo sikuwahi kuifungua.

Tumbo langu siku hiyo lilifanya yale ya wageni, na sikuwa nimekunywa kitu.

Mama alirudi baada ya mavuno mengine. Safari hii hakuwa na mlango wa kupitia kwanza, akaja kwangu moja kwa moja. Akafungua kikapu, akatoa kanga yangu, imefuliwa, imekunjwa vizuri. Juu yake akaweka kile kifurushi.

"Ulisahau," akasema.

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Niliuonja huo unga. Ni mtamu mtamu kidogo, wa keki. Siku ile nilimsikia Mkami akikuuliza, nikasikia ulivyojibu. Mimi sitasema, mwanangu. Nikisema, namvua nguo mwanangu mimi. Mdomo uliofunga fundo ndio ulifungue."

Nikaenda kumletea maji. Nikampa kwa goti. Hakupokea. Alikaa ananitazama tu mpaka nikaelewa.

Nikaonja. Ndipo akapokea.

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Hata maji. Hata uji wa mtoto. Hasemi kitu, anangoja tu nionje. Mume wangu alipoona hivyo mara nyingi akaniuliza, nikamwambia yote. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema, "Nilikuwaga nakula chakula chako bila kukitazama." Na sasa, jamani, namwona anakitazama.

Nikapanda basi kwenda Bunda. Nilimkuta Mkami anaanika udaga wa muhogo nyuma ya nyumba. Amekonda. Akanikaribisha ndani kwa kicheko kile kile, kikubwa, lakini kilikwisha mapema. Friji ipo, haina utambi. Aliifungua kutoa mswaki wa mtoto, nikaona ndani. Nguo. Mashuka. Imekuwa kabati.

"Hutengenezi tena?" nikamuuliza.

"Anywe nani?" akasema. "Habari zilitangulia, dada. Lori letu lilikuta zimekwisha kufika."

Akaniletea maji kwenye kikombe. Na kabla sijanyoosha mkono, akayainua mdomoni, akameza funda moja kubwa, akafungua mdomo kidogo, nione. Siyo ile ya zamani ya adabu. Aliyameza kama mtu aliye mahakamani.

"Nimeonja," akasema.

Nikalia pale pale. Nikatoa ile karatasi ya kung'aa, nikaiweka kwenye mkeka, nikamwambia: jiwe la maharage, kijiko kilichojaa, wivu, yote. Mpaka yale ya redio nikamwambia.

Aliichukua ile karatasi, akaigeuza geuza. Nilingoja anitukane. Ningepona angenitukana.

"Ulifungia kwenye kanga," akasema mwisho. "Wakati nakuuliza, ilikuwa kiunoni kwa mama, mbele yangu?"

"Ndiyo."

"Basi kwa nini unakuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwaga najua sikufanya. Nenda ukawaambie wao."

Nikarudi Nyakato, nikaanza na balozi. Akaniambia kikao kilikwisha kufungwa, tusifukue. Nikamwambia mwenye mbuzi, akasema, "Hee! Kumbe ulikuwa wewe!" na jioni kisima kizima kilikuwa na habari yangu, lakini Nyakato siyo Bunda, na Bunda siyo Butiama, na mimi nauli ya kuzunguka mkoa mzima nikigonga milango sina. Kalamu ninayo. Ndicho kitu pekee cha maana nilichokipata kwenye yale masomo ya jioni, na leo ndiyo mara ya kwanza naitumia kwa jambo la maana.

Kwa hiyo wenzangu, hasa wanawake mlio na jirani anayewazidi kitu: mkiona anakupeni kidogo, msidhani anawaficha kingi. Inawezekana hicho kidogo ndicho kipimo. Mkiambiwa onjeni, onjeni. Na mkikosa, semeni siku hiyo hiyo, kabla kosa halijapanda basi.

Nanyi wa Bunda ninaowaandikia leo: kuna mama amehamia kwenu kutoka Musoma, sauti ndogo, kicheko kikubwa, nyumbani kwake kuna friji nyeupe iliyojaa nguo. Mkipita jua kali akawaita kivulini, ingieni. Mwambieni atoe mashuka aweke utambi.

Na akiwapa bilauri, ipokeeni mnywe. Msimngoje aonje.